Uchumi rejelezi maana yake nini hasa?

Wengi wakisikia uchumi rejelezi, au uchumi wa mzunguko kama wengine wanavyouita, picha inayowajia ni chupa za plastiki zinaokotwa, zinapelekwa kiwandani, basi. Hiyo ni sehemu tu, tena ndogo. Maana yake ni kwamba kitu kikimaliza kazi yake ya kwanza kisigeuke taka, kiwe malighafi ya kazi nyingine, na hiyo nayo ikiisha itoe kitu kinachotumika tena, hivyo hivyo. Tulichozoea ni kuchimba, kutengeneza, kutumia, kutupa.

Angalia mtambo wa biogesi maana hapo taka na nishati vinakutana kwenye tangi moja. Mabaki ya chakula na kinyesi cha ng'ombe vinakorogwa na maji, vinaingia kwenye tangi lililozibwa hewa isipenye, humo kuna bakteria wasiohitaji oksijeni, wanakula ule mchanganyiko wanatoa gesi ambayo kwa kawaida zaidi ya nusu yake ni methani, ndiyo inayowaka, na nyingi iliyobaki ni hewa ya ukaa. Ukiwasha jiko lake moto ni wa bluu, sufuria haishiki masizi. Upande wa pili linatoka tope jepesi lenye nitrojeni na fosforasi, hilo linaenda shambani kama mbolea. Sasa mimina humo maji ya kudekia yenye dawa kali ya kuua vijidudu, au acha vifuko vya plastiki vipite. Dawa inaua wale bakteria, gesi inapungua, plastiki inaziba bomba. Mtambo ni uleule, kilichoharibu ni mchanganyiko.

Kwa hiyo mimi naona tunasifia mashine mpya kupita kiasi na tunasahau kazi ya mwanzo kabisa, kutenganisha vitu kabla havijachanganyikana. Hata plastiki ni hivyo hivyo. Kuna PET, plastiki ya chupa za maji, na kuna PVC, plastiki ya mabomba, kwa macho zinaweza kufanana kabisa, lakini ukiziyeyusha pamoja kwenye joto la PET ile PVC inaungua na kutoa asidi, hata kidogo tu inaharibu mzigo mzima.

Kwenye maji mfano ninaoupenda ni Windhoek, Namibia. Nchi ni kame sana, mito yake inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu, mbali na mji mkuu. Tangu 1968 mji huo unasafisha maji taka yake mpaka yanakuwa ya kunywa, na watu wanayakunywa kweli. Yanapitishwa kwenye hatua nyingi, kuna ozoni, gesi inayoua vijidudu, kuna kaboni maalumu inayonasa kemikali, kuna chujio lenye vitundu vidogo mno, mwishoni klorini, yaani hatua moja ikikosea kuna nyingine nyuma yake. Lakini kabla ya hayo yote maji taka ya viwandani yanapewa njia yake, hayachanganywi na ya majumbani, kwa sababu kinyesi na sabuni ni vitu vinavyojulikana na kutibika, ila kemikali za kiwandani huwezi kujua leo zinakuja na nini.

Betri nazo ndio habari mpya zaidi. Betri ya gari la umeme ikishuka labda mpaka asilimia 70 au 80 ya uwezo wake inaonekana imechoka kwa gari, ila bado inaweza kutunza umeme wa sola kwa miaka mingine. Shida inakuja kama seli, yaani vile vibetri vidogo vinavyoiunda, zimegandishwa kwa gundi, fundi anashindwa kuzifungua apime ipi nzima ipi imekufa. Hapo kutenganisha kulitakiwa kufikiriwa na aliyeichora betri, siku ya kwanza.

Na kuna vyoo vinavyotenga mkojo na kinyesi palepale kwenye bakuli. Vinashangaza mwanzoni, lakini fikiria hivi: mkojo ni kama asilimia 1 tu ya ujazo wa maji taka ya nyumbani na ndio unaobeba karibu asilimia 80 ya nitrojeni yake, halafu sisi tunaufuata na lita kadhaa za maji safi, tunausambaza humo, na mtambo wa kusafisha unatumia umeme mwingi kuitoa tena ile nitrojeni.