Vidato vya matofali katika nyumba za Lamu: kuvitengeneza na kuvitunza

Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, ila vidato ninavyoitwa kuvitengeneza, vile vya kupandia kutoka kichochoroni hadi dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, mara nyingi ni vya matofali ya kuchoma yaliyoongezwa baadaye. Malalamiko huwa yale yale: fundi aliyetangulia aliziba nafasi kwa saruji nzito, na baada ya masika mawili matatu matofali yakaanza kumenyuka uso, ilhali saruji yenyewe imesimama imara. Kwa maoni yangu, saruji hiyo ndiyo iliyoyamenya.

Tofali hunywa mvua kutoka juu na unyevu wa ardhi kutoka chini, na katika mji uliopakana na bahari, ambako mitaro hupita miguuni mwa ngazi, unyevu huo hubeba chumvi. Mota, yaani mchanganyiko unaounganisha matofali, ikiwa laini, maji hutokea humo, na chumvi hubaki nje kama unga mweupe unaofagiliwa kwa brashi kavu. Mota ikiwa ngumu kuliko tofali na haipitishi unyevu, maji hulazimika kutokea kwenye tofali lenyewe. Chumvi huganda ndani ya vitundu vyake, chembe zake hukua, na uso hubanduka tabaka baada ya tabaka. Kitu kinachopaswa kuliwa ni mota, kwa kuwa kuibadilisha ni kazi ndogo.

Kwa hiyo, kabla ya kushika mwiko, mimina ndoo ya maji juu ya ngazi uone yanakoelekea. Kidato chenye kina cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa milimita 3 hadi 6 tu kuelekea nje. Kikiinamia ukutani, au mlizamu wa paa ukikimwagia, ukarabati wowote utaharibika. Ukiona ufa kati ya ngazi na ukuta wa nyumba, paka donge la chokaa juu yake, uandike tarehe, kisha ungoje msimu upite. Donge likipasuka, ngazi bado inazama, na dawa yake ni kuibomoa na kuiwekea msingi.

Gonga kila tofali kwa mpini wa nyundo. Lenye mlio wa mtungi mtupu limeachana na kitako chake. Mota mbovu ichimbuliwe kwa patasi nyembamba hadi sentimita 2 au zaidi, bila kugusa kingo za matofali. Mashine ya kukata huenda haraka, lakini huacha makovu yasiyofutika, nami siipendi kwa kazi hii. Tofali jipya lilowekwe ndani ya maji mpaka mapovu yakome, la sivyo litainyonya mota kabla haijashika. Matofali ya ukingo wa kidato, yanayogongwa na miguu ya watu na mizigo ya punda, hudumu zaidi yakilazwa kwa ubavu wake mwembamba.

Penye kazi ni mota. Chokaa ya dukani huivuruga kwa maji iwe kama uji mzito, nikailaza usiku kucha ndipo nichanganye sehemu moja na sehemu tatu za mchanga. Kwa vidato vinavyolowa mara kwa mara huongeza unga wa matofali yaliyopondwa na kuchekechwa, ambao hushikana na chokaa hata penye unyevu. Asiyepata unga huo na atumie sehemu moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga, asizidishe. Mchanga wa pwani una chumvi, na ule wa vilima vya Shela, kijiji cha jirani, usiguswe kabisa, kwani vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji. Chokaa huunguza macho na ngozi, hivyo vaa glavu.

Chokaa hugandishwa na hewa ya ukaa, polepole, na ikikaushwa ghafla hugeuka vumbi. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ninaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kuyanyunyizia asubuhi na jioni kwa wiki nzima; wakati wa masika naahirisha kazi. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, basi anayetaka kubadilisha umbo la ngazi ya mbele aulize kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Baada ya hapo, matunzo ni machache. Zibua mtaro ulio chini ya ngazi, sugua ukungu wa kijani kwa brashi ya nyuzi na maji matamu, na usitumie asidi, kwani huila chokaa. Rangi ya mafuta nayo isipakwe, hata mwenye nyumba akipenda wekundu wake, kwa sababu huzuia unyevu kutoka kama saruji ile nzito.