“Daktari, niongezee vidonge, sindano bado”

Kauli hii ya wenye kisukari wanaokwepa sindano ya insulini juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mzee mwenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ya asilimia 12.4, anayemeza vidonge vya kisukari, metformini gramu mbili kwa siku na gliklazaidi juu yake, suruali kaifunga kwa kamba kwa jinsi alivyokonda. Nimwongezee kidonge gani? Kidonge kizuri hushusha HbA1c kwa asilimia moja, kikijitahidi sana moja na nusu. Yeye anatakiwa afike 7.

Halafu linakuja la jirani: “Alianza insulini, mwaka haukuisha akakatwa mguu.” Jirani huyo alikaa miaka na sukari ya damu ya 18 mmol/L, mishipa ya fahamu ikafa, kidonda kikaoza bila maumivu, ndipo akaletwa kuchomwa. Sindano imebebeshwa lawama za miaka hiyo. UKPDS, utafiti wa Uingereza uliotoka 1998, ulionyesha kwamba sukari ikidhibitiwa, kwa insulini au kwa vidonge, madhara ya macho na figo hupungua. Ulionyesha pia kwamba kongosho huzidi kuchoka mwaka hadi mwaka, ndiyo maana vidonge vilivyokutosha zamani leo havifui dafu.

“Ukianza huachi.” Wapo tunaowaanzishia sukari ikiwa juu mno, ikitulia tunawarudisha kwenye vidonge. Wengine wataendelea nayo, sawa. Lakini insulini unayo mwilini tangu tumboni mwa mama yako; utakuwaje teja wake leo?

Kitu cha kuogopa kweli ni sukari kushuka. Ukichoma, kula. Hapo sina mzaha.

Metformini haiui figo. Figo zikishachoshwa na sukari tunaipunguza au kuisimamisha, watu wakiona hivyo wanaisingizia.

Dapagliflozini na empagliflozini, vidonge vingine vya kisukari, ni dawa nzuri, hasa kwa mwenye moyo au figo dhaifu, ila bei yake isikudanganye: kwa kushusha sukari haziishindi metformini. Na glibenklamaidi, kidonge cha kisukari aliyoachiwa bibi wa miaka 78, tafadhali irudisheni kliniki tuibadilishe, itamshusha sukari na kumwangusha usiku.

Msio na friji, chukueni chungu cha udongo chenye maji, insulini ikae ndani ya kopo lililofungwa vizuri, chungu kikae kivulini. Wenye friji, iwekeni mlangoni, mbali na barafu. Ikiganda hata mara moja, tupa, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima.