Tiketi ya Ukumbi Haifungui Mpaka: Dhana Potofu Kuhusu Kusafiri Ng'ambo Kutazama Mashindano ya Gemu

Katika kibanda kimoja cha gemu mtaani Kondele, Kisumu, ambako mechi ya kandanda hulipiwa kwa sarafu na anayefungwa humpisha anayesubiri, ukutani pamebandikwa picha ya ukumbi wa Lanxess Arena wa Cologne, Ujerumani, ukiwa umefurika watazamaji wa Counter-Strike, gemu ya kufyatuliana risasi. Karatasi imeanza kukunjamana kwa joto, lakini hakuna anayethubutu kuibandua. Chini ya picha hiyo ndipo hupangwa safari ambazo nyingi haziondoki, na kwa kuwa waliowahi kufika huko ni wa kuhesabu, yale yanayosemwa na mmoja hurudiwa na wengine mpaka yakachukuliwa kuwa kanuni. Mengine niliyaamini mimi mwenyewe hadi yaliponitoa fedha mfukoni.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba mwenye tiketi ya mashindano hawezi kunyimwa viza. Wakala mmoja mjini Nakuru aliwahi kunihakikishia kwamba tiketi ya fainali, ikichapishwa kwa rangi na kuwekwa juu ya faili, "inajisemea yenyewe". Nilimsikiliza, nikanunua na nauli ya ndege isiyorudishwa, nikawasilisha maombi. Jibu lililorudi lilikuwa fomu yenye visanduku, na kilichotiwa alama ni kile kinachosema kwamba nia ya mwombaji kurejea kwao haikuthibitika. Tiketi yangu haikutajwa popote.

Ukweli ni kwamba tiketi hueleza kusudi la safari tu, na kusudi ni swali moja kati ya mengi. Kwa viza ya muda mfupi ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ambazo sasa ni 29, Mkenya hutakiwa kuonyesha pia mahali atakapolala, uwezo wa kujikimu, bima ya matibabu ya safari isiyopungua yuro 30,000, na sababu za kuaminika za kurudi nyumbani. Pasipoti yenyewe iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka katika eneo hilo. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kurefushwa hadi siku 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Ndiyo maana nauli ya ndege inapaswa kuwekewa nafasi tu, isilipwe mpaka viza itoke, hata kama wakala anadai kwamba bei itapanda kesho.

Hapo ndipo wengi hujikwaa kwa namna nyingine. Kijana hukusanya fedha za chama na mikopo ya marafiki, huziingiza zote katika akaunti wiki moja kabla ya kuwasilisha maombi, kisha hushangaa anapokataliwa akiwa na salio nono. Afisa hasomi salio peke yake. Husoma pia njia ambayo fedha zilipitia kufika hapo. Muuza vipuri vya pikipiki wa Nakuru ambaye kwa miezi kadhaa huweka benki mapato yake ya kila wiki, na ambaye ana cheti cha usajili wa biashara na risiti za kodi, huwa na hoja yenye nguvu kuliko mtu ambaye akaunti yake ilikuwa tupu mwezi mzima na ghafla ikanenepa. Kukosa mwajiri si kosa, ila mapato yasiyo na historia ni vigumu kuyatetea. Niongeze kwamba kukataliwa mara moja hakumfungii mtu mlango milele: anaweza kukata rufaa au kuomba upya, mradi kilichokosekana mara ya kwanza kiwe kimepatikana.

Wapo pia wanaodhani kwamba waandalizi wa mashindano humtumia kila mnunuzi wa tiketi barua ya mwaliko. Barua za namna hiyo kwa kawaida huandikiwa wachezaji na wahusika wa timu, na hata wao hawana kinga. Mwaka 2021, mashindano ya gemu ya Dota 2 yaitwayo The International, ambayo zawadi zake zilipita dola milioni 40, yalipangwa kufanyika Stockholm. Shirikisho la michezo la Sweden likakataa kuipokea michezo ya kielektroniki katika familia yake, na bila utambulisho huo ikawa vigumu kwa wachezaji kutoka nje ya Ulaya kupata ruhusa ya kuingia wakati wa vikwazo vya korona. Mashindano yakahamishiwa Bucharest, Romania, nchi ambayo wakati huo haikuwa ndani ya eneo la Schengen. Halafu, siku chache kabla ya kuanza, waandalizi wakaamua kwamba watazamaji hawataingia kabisa, na fedha za tiketi zikarudishwa. Kinachorudishwa katika hali kama hiyo ni bei ya tiketi. Nauli, hoteli na ada ya viza hubaki kuwa hasara ya msafiri, isipokuwa kama alikata bima inayogusa kuahirishwa kwa safari.

Kisa hicho kinanipeleka kwenye dhana ya pili kwa uzito, kwamba mashindano ni mji mmoja na viza ni moja. Ubingwa wa dunia wa gemu ya League of Legends wa 2024 ulianzia Berlin, robo fainali na nusu fainali zikachezwa Paris, na fainali ikachezwa O2 Arena, London, tarehe 2 Novemba, ambapo timu ya T1 ya Korea Kusini iliishinda Bilibili Gaming ya China 3-2. Mtazamaji kutoka Kakamega aliyetaka kufuata safari yote alihitaji viza mbili tofauti, kwa maana Uingereza haimo katika Schengen: ya kwanza kwa Ujerumani na Ufaransa, ya pili kwa Uingereza, kila moja na ada yake, fomu zake na siku zake za kusubiri pasipoti ikiwa imeshikiliwa na wengine. Kwa Schengen kuna kanuni moja zaidi ambayo watu huipuuza: ombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile atakayoingia kwanza. Si suala la ubalozi upi unasifiwa mtaani kuwa mwepesi.

Hata mashindano yanapofanyika katika mji mmoja, si kila siku iliyoandikwa kwenye ratiba huwa na watazamaji. The International ya 2024 ilianza tarehe 4 Septemba mjini Copenhagen, lakini viti vya Royal Arena vilifunguliwa kwa siku tatu za mwisho tu, tarehe 13 hadi 15. Aliyelipia hoteli tangu siku ya kwanza alizitazama mechi za mwanzo kwenye simu akiwa kitandani, jambo ambalo angeweza kulifanya mtaani Milimani, Kisumu, kwa gharama ya bando.

Kwa upande mwingine, si kweli kwamba kila safari ya namna hii ni vita vya viza. Mkenya huingia Singapore na Malaysia kwa matembezi mafupi bila kuomba viza mapema, na nchi hizo si vichochoro katika ramani ya gemu: The International ya 2022 ilichezwa Singapore, na ubingwa wa dunia wa gemu ya simu ya Mobile Legends uitwao M6 ulichezwa Kuala Lumpur mwaka 2024. Wenzetu wanaong'ang'ania Ulaya kwa sababu ya picha za ukutani wangefanya vyema kuitazama Asia ya Kusini Mashariki. Hata hivyo huko kuna sharti linalosahaulika, kwa sababu Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano: msafiri huombwa cheti cha chanjo, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa. Kudungwa siku moja kabla ya ndege ni sawa na kutodungwa. Aliyechanjwa zamani asilipe tena, kwa kuwa tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote.

Kuhusu pasipoti, hakuna haja ya kwenda Nairobi. Mkazi wa Kisumu hujaza fomu kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupigwa picha na kutoa alama za vidole katika ofisi ya uhamiaji ya hapa hapa, na kijitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,550. Nairobi kwa kawaida haikwepeki kwa alama za vidole za viza za Ulaya, na vilevile kwa ndege, kwani licha ya jina lake, uwanja wa kimataifa wa Kisumu humfikisha abiria wa kawaida Nairobi kwanza. Gharama ya safari hizo mbili huachwa nje ya bajeti karibu kila mara.

Dhana nyingine huwatenga watu bila sababu: kwamba anayekwenda huko ama ni bingwa wa kulipwa, ama ni mtazamaji wa kukaa kimya. Mashindano ya Evo ya michezo ya kupigana, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Las Vegas, yako wazi kwa yeyote anayejiandikisha na kulipa ada, na mchezaji hutolewa baada ya kushindwa mara mbili, wala si mara moja. Mpakistani Arslan Ash, aliyekulia katika vyumba vya gemu vya Lahore, hakuwa akijulikana sana nje ya kwao alipotwaa taji la Tekken 7 katika Evo Japan Februari 2019. Miezi michache baadaye akatwaa na la Las Vegas. Hapa kwetu Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa Tekken hiyo hiyo. Anayekusudia kushiriki na aseme hivyo wazi katika maombi ya viza, kwa sababu afisa wa mpakani akikuta padi mbili za kuchezea gemu kwenye mkoba wa mtu aliyeandika kwamba anakwenda kutembea, maswali huwa marefu.

La mwisho huwavunja moyo wageni wa ukumbi. Wengi hudhani kwamba ukiwa ndani utaiona mechi vizuri kuliko nyumbani. Wachezaji huonekana wadogo jukwaani, vichwa vimeinamia skrini zao, na macho ya ukumbi mzima huelekea kwenye skrini kubwa zinazoonyesha picha ile ile inayorushwa mtandaoni. Kinachofuatwa huko ni watu: maelfu wanaonyamaza pamoja sekunde moja kabla ya bomu la kwenye gemu kulipuka, kisha wakasimama kwa mkupuo mmoja, na sakafu ikatetemeka miguuni. Rafiki yangu mmoja aliufuata mtetemo huo mapema mno. Katika fainali moja ya Ulaya mwezi Novemba, ambapo saa za huko zilikuwa nyuma ya zetu kwa mbili, alisoma 14:00 kwenye tiketi, akatazama saa ya mkononi ambayo bado ilikuwa ya Kisumu, akakimbia jasho likimtoka, akafika mbele ya lango lililofungwa na mfagizi mmoja aliyemwonyesha kwa vidole kwamba zimebaki saa mbili.