Idadi ya Rekodi Si Idadi ya Vitabu: Dhana Potofu Kuhusu Data za Katalogi

Muhula huu pekee, wanafunzi watatu wa uzamili wameketi mbele ya meza yangu hapa Nairobi, kila mmoja akiwa na maelfu ya rekodi alizopakua kutoka katika katalogi ya maktaba fulani, na tayari ameshachora grafu ya kuonyesha jinsi uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili ulivyopanda na kushuka tangu enzi za ukoloni. Ningependa kusema kwamba sichoki kuwaeleza kasoro ya grafu hizo, lakini nimechoka, na ndiyo maana ninaandika.

Dhana inayonichosha zaidi ni kwamba idadi ya rekodi ni idadi ya vitabu vilivyochapishwa. Katalogi haikuundwa ili kuhesabu vitabu vya nchi, bali kumwonyesha msomaji kilichomo rafuni. Ili kitabu kipate rekodi, lazima mtu akinunue au akitoe zawadi, au mchapishaji atii sheria inayomtaka kuwasilisha nakala, kisha apatikane mkutubi mwenye nafasi ya kukiandikia maelezo yake. Bajeti ikikatwa, au mkutubi anayeijua lugha hiyo akistaafu bila mrithi, rekodi hupungua hata kama wachapaji hawakupumzika siku moja.

Chukua Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo katalogi yake ndiyo inayopakuliwa zaidi na wanafunzi ninaowahudumia. Maktaba hiyo ilifungua ofisi yake hapa Nairobi mwaka 1966, kwa kazi ya kukusanya machapisho ya eneo hili na kuyasafirisha hadi Washington. Kabla ya hapo, kijitabu kilichochapishwa Mombasa au Zanzibar hakikuwa na njia kama hiyo ya kufika huko. Mwanafunzi akiona vitabu vya Kiswahili vinaongezeka katika katalogi hiyo tangu katikati ya miaka ya 1960, hukimbilia kuandika sura nzima kuhusu uhuru na mwamko wa lugha. Sikatai kwamba uhuru ulichangia, lakini ndani ya mstari huo unaopanda yumo pia mtu aliyekuwa akizunguka katika maduka ya vitabu kwa niaba ya ofisi hiyo, na rekodi zenyewe haziwezi kuwatenganisha hawa wawili. Anayetaka kuwatenganisha hana budi kusoma ripoti za mwaka za maktaba husika na daftari za kupokelea vitabu, ajue nani alikuwa akinunua, kwa fedha zipi, na tangu lini.

Tarehe nazo zina balaa lake. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa na grafu iliyosimama wima kama Mlima Kenya katika mwaka 1900, kisha ikaporomoka. Tulipofungua rekodi za kilele hicho, ya tatu ilikuwa ya kitabu cha hesabu cha shule za msingi kilichochapishwa Nairobi, mji ambao mwaka 1900 ulikuwa kambi ya reli iliyofikiwa na garimoshi mwaka mmoja tu uliotangulia. Mkutubi aliyekishughulikia alikuta kitabu hakina tarehe, akaandika [19--], yaani wakati fulani katika karne ya ishirini. Programu ya kusafisha data ikayaondoa mabano, ikageuza vistari kuwa sufuri, na kitabu kikazeeka kwa miongo kadhaa. Mabano mraba humwambia msomaji kwamba mkutubi amekisia au amepata habari mahali pengine, na herufi c kabla ya mwaka huonyesha mwaka wa hakimiliki, ambao si lazima uwe mwaka wa kuchapwa. Hizo ni data, si uchafu. Ushauri wangu, ambao wengi huupokea kwa tabasamu la adabu kisha wakaupuuza, ni kusoma rekodi 100 kwa macho, penseli mkononi, kabla ya kuiruhusu programu yoyote iguse faili.

Wapo pia wanaoamini kwamba msimbo wa lugha unatosha kuvipata vitabu vyote vya Kiswahili. Katika rekodi ya MARC, yaani muundo wa kompyuta ambao maktaba hutumia kuandikia rekodi zake, uga (sehemu) 008 una nafasi ya msimbo mmoja tu wa lugha, na lugha nyingine za kitabu hupaswa kuandikwa katika uga 041, ambao katika rekodi nyingi za zamani haukujazwa. Kwa hiyo anayetafuta «swa», msimbo wa Kiswahili, katika 008 peke yake anaweza kuzikosa kamusi na vitabu vya lugha mbili bila kujua kwamba amezikosa.

Kuhusu majina, Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya zake za kwanza kwa jina la James Ngugi. Ukiunganisha faili za maktaba mbili bila kutumia orodha ya majina sanifu, inayounganisha majina yote ya mwandishi mmoja, mtu huyo mmoja atahesabiwa kuwa waandishi wawili, na alama za juu ya herufi zikipotea njiani watakuwa watatu.

Kuhesabu kwa ISBN, namba ya utambulisho inayopewa kitabu, hakusaidii. Namba hiyo ilipata hadhi ya kiwango cha kimataifa mwaka 1970, hivyo vitabu vingi vya kabla ya hapo havina, na toleo la jalada gumu hupewa namba tofauti na la jalada jepesi, hivyo kitabu kimoja huweza kuhesabiwa mara mbili.

Mwisho, si kweli kwamba data hizi hazipatikani bila fedha au kujuana na mtu. Harvard ilitoa bure rekodi zaidi ya milioni 12 mwaka 2012, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikatoa milioni 25 mwaka 2017. Hapa nyumbani, maktaba inayotumia Koha, programu ya kuendeshea maktaba, inaweza kukutolea rekodi zake, mradi umwombe anayesimamia mfumo mapema, si wiki ya kuwasilisha tasnifu. Omba faili ya MARC yenyewe badala ya lahajedwali, maana katika lahajedwali mada nne za kitabu kimoja huweza kubanwa katika kisanduku kimoja, na kuzitenganisha baadaye kutakugharimu siku nyingi kuliko ulizookoa.