Kadi za Kujichapia kwa Michezo ya Wahusika: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mpe mchezaji mgeni mhusika mchawi wa ngazi ya tano katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, kisha subiri zamu yake ifike. Atafungua kitabu, atatafuta ukurasa, atasoma aya nzima kwa sauti, atauliza kama anawafikia maadui walio ng'ambo ya mto, na wenzake watakuwa wameshashika simu. Kadi moja mkononi ingemaliza yote hayo kwa sekunde chache. Ndiyo maana nawahimiza watu wajitengenezee kadi zao za uchawi, za silaha na za majini, na ndiyo maana inaniuma kuona wengi wakiacha kabla hawajaanza, kwa mambo waliyoambiwa ambayo si kweli.

La kwanza kusikika ni kwamba bila printa ya bei na karatasi maalumu usijisumbue. Wanaosema hivyo wanafikiria karata. Karata za dukani hutengenezwa kwa karatasi nzito, kama gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa sababu zitachanganywa, zitagawiwa na kubamizwa mezani usiku kucha. Kadi ya uchawi haichanganywi. Inakaa mbele ya mwenyewe, inasomwa, inawekwa kando. Kazi yake ni kumkumbusha. Shika hilo, maana karibu kila uamuzi mwingine unatokana nalo.

Kwa hiyo chapa kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, ile ile ya fotokopi, ukate, kisha uitie kwenye kifuko cha plastiki cha kadi pamoja na karata kuukuu nyuma yake. Karata ndiyo itakayoipa ugumu. Karata za kipimo cha poka zina milimita 63 kwa 88 hivi, na vifuko vinavyouzwa zaidi vimekatwa kuzitosha. Ila pima kwanza, kwa kuwa pakiti nyingine ni za kipimo cha bridge, upana milimita 57 tu, nazo hucheza ndani ya kifuko. Kama vifuko havipatikani ulipo, gundi na manila vinatosha kabisa kwa kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa kwa vikao vingi, ya miezi kadhaa. Anayekimbilia karatasi ya gramu 300 mara nyingi hujiongezea taabu: printa nyingi za nyumbani huikunja karatasi ikiwa njiani, na iliyo nzito hukwama au huteleza na kutoka imepinda. Mwongozo wa printa yako unaeleza mwisho wa uzito inaoumudu.

Dhana inayoharibu kadi nyingi kuliko zote, hata hivyo, haihusu karatasi. Ni ile ya kwamba kadi ni kitabu kilichopunguzwa, kwamba ukiacha sentensi hata moja umevunja kanuni. Matokeo yake ni kadi yenye herufi za ukubwa wa mbegu za ufuta ambayo hakuna anayeisoma. Chukua Fireball, uchawi unaojulikana kuliko wote katika mchezo huu. Maelezo yake katika kitabu cha kanuni za 2014 yanataja kidole kinachoelekezwa, mwali unaoruka, ngurumo nzito inayofuata, na kiambato cha kinyesi cha popo na salfa. Yanafurahisha kuyasoma mara ya kwanza. Lakini kadini mimi ningeandika hivi tu (8d6 maana yake dadu nane za pande sita):

TUFE LA MOTO, ngazi ya 3, kitendo 1
Umbali: futi 150 (miraba 30)
Eneo: tufe, nusu kipenyo futi 20 (miraba 4)
Kila aliyemo: dadu ya kujinusuru, Wepesi
Akishindwa: 8d6 za moto. Akifaulu: nusu
Moto hupinda kona. Huwasha vitu vinavyoshika moto visivyovaliwa wala kubebwa
Kila ngazi juu ya 3: +1d6

Tazama mpangilio wake. Ni mpangilio wa maswali kama yanavyoulizwa mezani: ninafika? Nani yumo? Wanarusha dadu gani? Ninaumiza kiasi gani? Umbali umeandikwa pia kwa miraba kwa sababu katika ramani za mchezo huu mraba mmoja ni futi 5, na mchezaji anahesabu miraba kwa kidole, hahesabu futi. Kinyesi cha popo nimekiacha, kwani kiambato ambacho kitabu hakikukitajia bei kinaweza kubadilishwa na kifaa cha mchawi. Sentensi ya moto kupinda kona nimeibakiza makusudi. Ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayomuunguza mwenzako aliyejibanza nyuma ya ukuta akidhani yuko salama.

Kupunguza maneno, basi, si kupunguza kanuni. Revivify, ule uchawi wa kumrudisha aliyekufa muda mfupi uliopita, unateketeza almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu kila unapotumika. Hapo bei lazima iandikwe, tena kwa herufi nzito. Vivyo hivyo uchawi unaodai umakini wa kudumu: mhusika hawezi kushikilia zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo uwekee alama kubwa kwenye kona ya juu kushoto, kona inayobaki ikionekana kadi zikitandazwa mkononi.

Kuhusu ukubwa wa herufi, pointi 9 zinasomeka vizuri na pointi 8 ndizo mwisho. Chini ya hapo, chini ya taa ya sebuleni saa nne usiku, watu wataanza kuinua kadi usoni. Maneno yasipoenea, futa maneno, usipunguze herufi. Uchawi usiokubali kufupishwa kabisa, nao upo, upe kadi ya kipimo cha taroti, milimita 70 kwa 120. Na ukitumia kiolezo kilichotengenezwa kwa Kiingereza, panua visanduku vyake mapema. Maneno yetu ni marefu, na kisanduku chembamba kitayavunja vibaya.

"Nilichokiona kwenye skrini ndicho kitakachotoka." Hapa ndipo pesa zinapopotea. Skrini inatoa mwanga, printa inapaka wino wa rangi nne, na kuna rangi zinazowaka kwenye skrini ambazo wino hauwezi kuzifikia kabisa: kijani cha neoni, bluu ya umeme. Usuli mweusi wenye picha ya giza, unaopendeza sana kwenye kioo cha simu, hutoka kama matope, hunywa wino na kuifanya karatasi nyepesi ijikunje. Usuli mweupe wenye ukanda mmoja wa rangi juu, nyekundu kwa mashambulizi, kijani kwa uponyaji, unasomeka vizuri zaidi na haugharimu kitu.

Picha nazo zina hesabu yake. Kwa nukta 300 kwa inchi, ambacho ndicho kiwango kinachofuatwa na wachapaji, kadi ya milimita 63 kwa 88 inahitaji picha ya pikseli 744 kwa 1039. Picha yenye upana wa pikseli 250 uliyoiokota mtandaoni, ukiitanua ijaze kadi, itatoka kwa nukta 100 tu kwa inchi, na ukungu wake utauona. Ukitaka rangi ifike hadi ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utabaki na mstari mweupe.

Wengi wetu hatuna printa nyumbani. Tunapeleka kazi steshenari. Hapo yanaongezeka mambo mawili. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha hubanwa, na herufi ndogo ndizo za kwanza kuharibika; itume kama hati. Na usipeleke faili la Word, kwa sababu kompyuta ya dukani isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine, na kadi zote za ukurasa zitasogea. Hamisha kwenye PDF, fonti zikiwa zimepachikwa ndani.

Halafu kuna suala la kipimo. Violezo vingi vya kadi vinatoka Marekani, ambako karatasi ya kawaida ni Letter, upana milimita 215.9. Sisi tunatumia A4, upana 210. Printa ikiachwa kwenye mpangilio wa kutosheleza ukurasa, itabana kila kitu hadi asilimia 97 hivi ili upana uingie. Kadi ya milimita 63 inakuwa 61. Kwa macho hutaona tofauti, ila ndani ya kifuko inaelea, na ukiichanganya na kadi za dukani inajitokeza mara moja. Dawa yake: tengeneza ukurasa wako wa A4 mwenyewe, kwani kadi tisa, safu tatu za tatu, zinachukua milimita 189 kwa 264 na nafasi inabaki ya kutosha pande zote. Kwenye pambizo chora mstari wa milimita 100 kamili. Mwombe fundi achape ukurasa mmoja kwa ukubwa halisi, asilimia 100, upime ule mstari kwa rula hapo hapo kaunta. Ukiwa 97, rekebisheni kabla kurasa nyingine hazijatoka.

Kuna wanaoamini kwamba kadi isiyo na mgongo uliochapwa haijakamilika, kwa hiyo wanaingia kwenye kuchapa pande mbili na kuishia kujuta. Printa za kawaida huipeleka karatasi milimita moja au mbili nje ya mahali pake kwenye mzunguko wa pili, hivyo fremu nyembamba iliyochorwa nyuma itakuwa nene upande mmoja na kupotea upande mwingine. Jiulize kwanza kama unauhitaji mgongo huo. Kadi za uchawi za mchezaji mmoja haziokotwi kwa bahati nasibu, hakuna cha kuficha. Za hazina au za matukio ya safarini, zinazochotwa kwenye fungu, hizo ndizo zinazotaka migongo inayofanana, na vifuko vyenye mgongo wa rangi vinakupa hilo bila tone la wino. Kama bado unataka kuchapa, tumia nakshi inayojaza mgongo mzima na kupita mipaka ya kadi, ikose fremu. Na kama kila kadi ina mgongo wake, kumbuka kugeuza safu: kadi iliyo juu kushoto, mgongo wake unakaa juu kulia ya ukurasa wa pili, karatasi ikigeuzwa kwa upande mrefu.

Lamineti ndiyo bora daima? Hapana. Kadi zilizolaminishwa huteleza zikirundikwa, na ukikata hadi ukingoni mwa karatasi bila kuacha milimita 2 au 3 za plastiki, zitaanza kufunguka. Zinafaa sana kwa kadi za majini za mwendesha mchezo, kwa sababu unaweza kuandika uhai uliobaki kwa kalamu ya ubao mweupe na kuufuta.

Jambo jingine ni imani kwamba kila kadi lazima ipangwe kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kwa kadi kumi, sawa. Kwa mia, weka maandishi yote kwenye jedwali, kila mstari kadi moja na kila safu sehemu moja ya kadi: jina, ngazi, umbali, maelezo. Kisha programu iyamwage kwenye kiolezo. LibreOffice inafanya hivyo kwa njia ile ile ya kuandaa barua za watu wengi. Scribus na Inkscape ni za bure kwa wanaotaka mpangilio nadhifu zaidi. NanDECK imetengenezwa mahsusi kwa kadi, nayo ni bure kwa Windows. Faida kubwa inaonekana kanuni zinapobadilika. Cure Wounds ilikuwa inaponya 1d8 katika kanuni za 2014, na katika zile za 2024 ni 2d8. Mwenye jedwali anabadilisha kisanduku kimoja, anachapa kadi moja.

Mwisho, hakimiliki, ambako kuna dhana mbili zinazopingana na zote ni potofu. Wapo wanaodhani kila kilicho mtandaoni ni cha kuchukua. Wapo pia wanaoogopa kiasi kwamba hawathubutu kumpa jirani faili lao. Ukweli uko wazi kuliko wanavyodhani. Mnamo Januari 27, 2023, Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, waliuweka waraka wa kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons BY 4.0, na leseni hiyo haiwezi kufutwa. Kilichomo humo unaruhusiwa kukinakili, kukitafsiri, kukigawa, hata kukiuza, mradi utaje chanzo na useme umekibadilisha. Fireball, Revivify na Cure Wounds zote zimo. SRD 5.2 ilifuata mwaka 2025 kwa leseni hiyo hiyo. Kisichomo ni michoro ya vitabu, ulimwengu wa hadithi kama Forgotten Realms, na maudhui mengi ya vitabu vya ziada. Hata majina ya wachawi maarufu yaliondolewa, ndiyo maana humo utakuta Acid Arrow bila jina la Melf.

Kwa picha, usinakili kazi ya msanii aliye hai bila ruhusa yake. Anaishi kwa kazi hiyo. Vipo vyanzo halali vya kutosha. Michoro ya Gustave Doré, mchoraji Mfaransa aliyefariki 1883, ni mali ya umma, na mashetani yake wanafaa sana kwa kadi za majini. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliachia picha za kazi zake zilizo mali ya umma mwaka 2017, zitumike bila masharti. Alama ndogo za panga, ngao na moto zipo Game-icons.net, ambako nyingi zina leseni ya kutaja mchoraji tu. Wakati wa kupanga ukurasa wako wa mwisho, acha nafasi moja kati ya zile tisa kwa kadi ya shukrani: sentensi ya kutaja chanzo kama waraka wa SRD unavyoielekeza, namba ya toleo la kanuni ulilofuata, na majina ya wachoraji wa alama ulizotumia. Kadi hiyo iende na kila fungu unalompa mtu.