Mti uliochunwa gome haufi kwa kiu, unakufa kwa njaa

Ndugu zangu, kiangazi kikikolea tu simu zinaanza, mti wangu umekauka ghafla, mti umerogwa, mti umeliwa na mchwa. Tukifika, mimi siangalii majani kwanza, naangalia shina kuanzia kiunoni mpaka kifuani, maana hapo ndipo panga la mchuna dawa linapofika vizuri, na mara nyingi nakuta pete, gome limetolewa kuzunguka shina lote. Mwenye mti ananiambia hiyo ya mwaka jana bwana, mti ulibaki kijani kabisa, kwa hiyo siyo yenyewe. Ndiyo yenyewe.

Mti una njia mbili na hazichangamani hovyo. Maji yanapanda kwa zailemu, ambayo iko kwenye mti wenyewe, ile sehemu nyeupe inayobaki ukishabandua gome. Hakuna pampu mle. Jua linakausha jani, maji yanatoka kwa vitundu vidogo vya stomata, na yanayotoka yanayavuta ya nyuma yake, yameshikana kama uzi mmoja mpaka mzizini. Kuna mkukusu Kilimanjaro una mita 81.5 na unakunywa mpaka kileleni kwa namna hiyo hiyo.

Sukari sasa, inapikwa kwenye majani na inasafiri kwa floemu, na floemu iko ndani ya gome, ule utando laini wenye unyevu unaogusana na mti. Jani linapakia sukari kwenye mirija, sukari inavuta maji, presha inapanda, utomvu unasukumwa kwenda kwenye matunda, machipukizi na hasa mizizi. Watu wa pwani mnaujua utomvu huo, mgema akishakata karara la mnazi, tembo linalodondoka ni sukari ya floemu iliyokuwa njiani, ndio maana likiwa bichi ni tamu.

Kwa hiyo ukichuna pete, maji yanaendelea kupanda na majani yanabaki kijani, lakini mizizi haipelekewi chakula. Inakula akiba yake ya wanga miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka, ikiisha mizizi inakufa, na ni hapo ndipo maji nayo yanakatika na watu wanaanza kumwagilia ndoo kwa ndoo. Kumwagilia hakusaidii! Mwanasayansi Mtaliano, Malpighi, alizungushia miti pete hizi tangu karne ya 17 akaona gome la juu ya pete linavimba, kwa sababu chakula kinashuka kinakuta njia imefungwa.

Uvimbe huo nimeushika mwenyewe kwa mzee mmoja, mwarobaini wake wa uani majirani walikuwa wanauchuna dawa kidogo kidogo mpaka wakakutana pande zote. Juu ya pete mdomo mnene kama kamba ya katani, chini ya pete shina jembamba. Tukachimba mizizi miwili, tukakata vipande, tukadondoshea ayodini, ambayo penye wanga inageuka buluu. Mmoja ulibaki rangi ya kahawia vilevile, yaani hamna wanga hata kidogo, wa pili ukageuka buluu hafifu.

Hatujasema dawa za miti ziachwe, tafadhali. Ila gome ni zao la misitu kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya Tanzania, Sura ya 323, sawa na mbao na mkaa. Anayevuna msituni kwa biashara anaanza serikali ya kijiji, anakwenda kwa afisa misitu wa wilaya, analipia, anapata leseni ya kuvuna, na mzigo ukitoka unakuwa na hati yake ya kusafirishia, na hati ni ya mzigo ule tu, siyo ya mwezi mzima kama wengine wanavyodhani, na leseni ya kuvuna haifanyi kazi ya hati. Ukikamatwa bila hivyo ni faini au kifungo au vyote, na mzigo unaweza kutaifishwa. Prunus africana, mti wa dawa ya tezi dume, uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1995, kwa hiyo gome lake kuvuka mpaka linahitaji kibali kingine tena.

Ukiruhusiwa kuchuna, chukua vipande viwili vinavyotazamana, kila kimoja robo ya mzunguko wa shina, katikati acha gome zima, na panga lisifike kwenye mti. Hapo chakula kinapata pa kupita na jeraha linaweza kufunika.

Yule mzee nilimkuta ameshika panga anataka kufyeka vichipukizi vitatu vilivyotoka chini ya pete, kwa upande wa ule mzizi wenye buluu. Nikamwambia mzee shikamoo, viache hivyo, majani yake yako chini ya pete, ndiyo yanayolisha mizizi sasa hivi.