Kigari cha gofu hakivutwi kwa kamba

Hapa Lubumbashi nimeisikia mara nyingi: "Si kina magurudumu manne? Kifunge nyuma ya gari, twende Likasi." Likasi ni kama kilomita 120. Hakitafika kizima.

Kigari cha umeme hakina giaboksi ya kutia nyutro. Mota imeungana na ekseli ya nyuma. Magurudumu yakizunguka, nayo inazunguka. Imezoea kilomita 20 hadi 25 kwa saa, sasa wewe unaivuta kwa 80. Itaharibika ndani kabla hujanusa moshi. Kwenye vigari vingi, ukiinua kiti utaona swichi ndogo ya wakati wa kuvutwa. Watu huidhania ruhusa ya safari, kumbe ni ya kukisogeza polepole tu, tuseme hadi gereji.

Basi kipandishe kwenye remoki (trela), hata ukisafiri na gari-nyumba. Betri za risasi zilizo chini ya kiti ni nzito kweli: panga uzito mwingi ukae mbele kidogo ya ekseli ya remoki. Ukilemea nyuma, remoki itayumba barabarani. Breki ivutwe, mikanda ikazwe kwenye fremu, si kwenye nguzo za paa (nimeyaona, usicheke). Kioo cha mbele kitoe kabisa.